Kugongwa kwa nyuma: hatari ambayo dereva wa bodaboda haioni

Msikilizaji, tuanze na jambo ambalo huenda umeshalishuhudia. Ni saa moja na nusu jioni, giza limeshaingia. Bodaboda imetoka mjini na abiria mmoja, inarudi kijijini kwa barabara ya lami. Wanapokaribia njia ya nyumbani, abiria anampiga dereva begani: "Nishushe hapo hapo." Dereva anakanyaga breki akiwa bado juu ya lami. Nyuma yao kuna lori. Dereva wa lori haoni taa ya breki, kwa sababu imekufa tangu mwezi uliopita. Haoni kikoti cha rifleksa, kwa sababu kimefunikwa na mgongo wa abiria. Anachokiona ni kitu cheusi katikati ya njia, na anakiona akiwa ameshachelewa.

Ajali ya namna hii watu huiita bahati mbaya. Wengine husema dereva wa lori alikuwa mwendo kasi, na mara nyingi ni kweli. Lakini ukiangalia vizuri, dereva wa bodaboda alikuwa na mambo manne au matano ya kufanya kabla ya kusimama, na karibu yote hayana gharama. Polisi wanaweza kuamua kwamba mwenye kosa ni aliyegonga. Hata hivyo haki haiungi mfupa.

Makala hii inaeleza kwa nini pikipiki hugongwa kwa nyuma, na nini dereva, abiria na mwenye mzigo wanaweza kufanya ili jambo hilo lisitokee. Pia tutazungumzia upande wa pili, yaani wewe mwenye pikipiki kumgonga aliye mbele yako.

Hesabu ya lori

Wengi tunadhani kwamba dereva akituona, atasimama. Tufanye hesabu kidogo.

Nchini Tanzania, malori na mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa nje ya maeneo ya makazi. Tuseme lori linafuata sheria, liko kwenye 80 kamili. Kwa mwendo huo linapita mita 22 kila sekunde moja. Dereva akikuona, ubongo wake unahitaji muda wa kutambua kwamba kilicho mbele ni pikipiki iliyosimama, kisha mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Tumpe sekunde moja na nusu. Hapo lori limeshapita mita 33 na breki bado haijaanza kushika. Kisha breki zinashika. Kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, lori lenye mzigo litahitaji mita nyingine 50 hivi ili lisimame. Jumla ni zaidi ya mita 80, yaani karibu kutoka goli moja hadi jingine kwenye uwanja wa mpira.

Sasa usiku, taa za chini za gari humulika mita 40 hadi 60 hivi mbele. Kama wewe huna taa ya nyuma wala kitu cha kuakisi mwanga, dereva atakuona ukiwa ndani ya mita hizo, au hata karibu zaidi ikiwa umevaa nguo nyeusi. Anahitaji mita 80, naye ana 50 tu. Hata akiwa dereva mzuri na asiye mlevi, hawezi kusimama. Atakugonga, au atakukwepa na kukutana uso kwa uso na gari linalokuja.

Na hapo ni kwenye lami kavu na tambarare. Kukiwa na mvua, au lori likiwa linateremka mlima kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, umbali unaongezeka zaidi. Kwenye mteremko mrefu breki za lori hupata joto na kupungua nguvu. Ndiyo maana mwisho wa mteremko si mahali pa kusimama kupakia abiria, hata kama ndipo walipozoea kukusubiri.

Kwa hiyo usiendeshe kwa kutegemea kwamba wa nyuma atasimama. Fanya kila kitu ili akuone mapema, ajue unachotaka kufanya, na hata akishindwa kusimama, wewe uwe na pa kuchomokea.

Taa ya nyuma: ukaguzi wa dakika mbili

Taa ya nyuma ya pikipiki ndiyo mdomo wako kwa dereva wa nyuma. Tatizo ni kwamba wewe huioni unapoendesha. Ikifa leo, unaweza kukaa miezi bila kujua.

Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia globu moja yenye nyuzi mbili ndani. Uzi mdogo huwaka muda wote taa zinapowashwa. Uzi mkubwa huwaka unapokamata breki. Uzi mmoja unaweza kuungua na mwingine ukabaki. Unaweza kuona taa ya nyuma inawaka ukadhani iko salama, kumbe ya breki haifanyi kazi kabisa.

Jaribu hivi kila asubuhi kabla ya kuondoka. Simama karibu na ukuta au mwombe mwenzako pale kijiweni aangalie. Washa taa. Kamata breki ya mkono peke yake, uone kama mwanga unaongezeka. Iachie. Kisha kanyaga breki ya mguu peke yake. Unajaribu moja moja kwa sababu pikipiki nyingi zina swichi mbili, moja kwenye mpini na nyingine karibu na pedali ya breki. Swichi ya mguu huvutwa na springi ndogo iliyo chini, mahali panaporukiwa na matope na mawe. Springi ikikatika au kujaa tope, utakanyaga breki na taa haitawaka.

Kila fundi anapokaza breki ya nyuma, mwambie aangalie na swichi. Ikikazwa vibaya, taa inaweza kuchelewa kuwaka, au ikabaki imewaka muda wote. Hiyo ya kuwaka muda wote ni mbaya sawa na iliyokufa. Wa nyuma haoni tofauti unaposimama na unapokwenda.

Jambo jingine ni rangi. Vijana wengi hupenda kufunga taa za urembo nyuma ya pikipiki, za bluu, kijani au nyeupe. Usiku, mwanga mweupe humwambia dereva kwamba kitu kinakuja kuelekea kwake. Mwanga mwekundu humwambia kwamba kitu kinakwenda mbele yake. Ukifunga taa nyeupe nyuma unamchanganya mtu ambaye ana sekunde mbili tu za kuamua. Nyuma iwe nyekundu, basi.

Msimu wa mvua, beba kitambaa. Matope yakiganda kwenye kioo cha taa, hata globu mpya haisaidii.

Rifleksa inayoonekana ni ya aliyekaa nyuma

Kikoti cha rifleksa ni kitu kizuri, lakini fikiria kidogo: dereva akivaa kikoti kisha akapakia abiria, nani anaonekana kwa nyuma? Ni abiria. Mgongo wa dereva umefichwa. Abiria naye amevaa koti jeusi au amejifunika kanga ya rangi ya giza.

Kwa hiyo kwa safari za usiku, mpe abiria kikoti. Ukiweza, kuwa na viwili, cha kwako na cha abiria. Bandika pia utepe mwekundu wa kuakisi kwenye madigadi ya nyuma, kwenye keria, na nyuma ya kofia zote mbili. Utepe hauhitaji betri na hauungui. Mwanga wa gari ukiupiga, unarudi kwa dereva akiwa bado mbali.

Mzigo una shida ileile. Gunia la mkaa, majani ya ng'ombe, matenga ya nyanya au kreti za soda hufunika taa na indiketa zote. Pikipiki iliyobeba mkaa usiku inaweza kuwa na taa nzima kabisa na bado isionekane. Kabla ya kuondoka, zunguka nyuma ya pikipiki yako hatua kumi na uitazame. Kama huoni taa, na dereva wa basi hataiona. Funga mzigo upya uwe juu zaidi ya taa, au uupunguze. Kama haiwezekani, beba mzigo huo mchana, na juu ya gunia funga kikoti cha rifleksa. Mzigo mpana pia huziba vioo. Usipoona nyuma, umebaki kuendesha kwa kubahatisha.

Kioo kwanza, breki baadaye

Wapo wanaong'oa vioo vya pembeni kwa sababu vinagonga watu kwenye msongamano, au kwa sababu pikipiki inaonekana nzuri zaidi bila vioo. Wengine wanavyo, lakini vimegeuzwa viangalie sura. Kioo kilichotegwa vizuri kinakuonyesha kipande kidogo cha kiwiko chako, na sehemu iliyobaki yote ni barabara iliyo nyuma. Kumbuka pia kwamba vioo vingi vya pikipiki vimebinuka kidogo, hivyo gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Ukiliona mbali kwenye kioo, lihesabu kuwa karibu.

Jizoeze mpangilio huu kila unapotaka kusimama au kupunguza mwendo:

Kwanza, tazama kioo. Nani yuko nyuma, yuko umbali gani, anakuja kwa kasi gani?

Pili, washa indiketa ya kushoto mapema, si wakati umeshafika.

Tatu, gusa breki kidogo mara mbili au tatu ili taa iwake na kuzima. Mwanga unaocheza humvuta macho mtu aliyechoka kuliko mwanga uliotulia.

Nne, punguza mwendo taratibu huku ukitoka kwenye lami.

Tano, simama nje ya lami kabisa, magurudumu yote mawili.

Hapa kuna kosa ambalo hata madereva wazoefu hulifanya. Ukiachia mafuta au ukishusha gia, pikipiki inapungua mwendo, lakini taa ya breki haiwaki. Wa nyuma anaona pikipiki inayokwenda, kumbe unakaribia kusimama. Kila unapopunguza mwendo kwa gia, gusa na breki kidogo ili taa iseme.

Na unapotoka kwenye lami, angalia ukingo wake. Sehemu nyingi lami imemegeka na kuacha ngazi. Ukishuka hapo kwa kasi utaanguka, na utaangukia upande wa barabara mbele ya yuleyule uliyekuwa unamkwepa. Chagua mahali ukingo ulipo sawa, hata kama ni mbele kidogo ya anapotaka kushukia abiria. Mita 30 za kutembea hazimuui mtu.

Abiria, usimpige dereva begani

Abiria nawe una sehemu yako. Taja unapokwenda kabla pikipiki haijaondoka, na utaje alama: "Nitashukia baada ya shule, kwenye mti mkubwa wa mwembe." Mkikaribia, sema mapema, wakati bado mko mbali: "Dereva, ni pale mbele." Ukisubiri mpaka mmefika kisha ukapiga kelele, unamlazimisha akamate breki ghafla na gari likiwa nyuma.

Ukipitilizwa, kubali. Dereva asigeuze palepale katikati ya barabara. Asogee mbele, atoke kwenye lami, mtazame pande zote, ndipo mrudi.

Kubeba mishikaki, yaani abiria wawili au watatu, kuna ubaya mwingine ambao hausemwi sana. Uzito ukizidi, pikipiki huchelewa kusimama na huchelewa kuondoka. Pale unapotakiwa kuchomoka haraka kwa sababu lori linakuja, haitatoka.

Vaeni kofia ngumu, wote wawili, na mfunge mkanda wa kidevuni. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Anayegongwa kwa nyuma hurushwa bila kujiandaa, na kofia isiyofungwa hutangulia kuruka.

Kukata kulia kuingia njia ya kijijini

Nchini Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, tunapita kushoto. Kwa hiyo ukitaka kuingia njia iliyo upande wa kulia, inabidi ukatize mbele ya wanaokuja. Wengi husogea katikati ya barabara, wakasimama hapo kusubiri nafasi. Hapo una magari mbele yanayokuja na magari nyuma yanayotaka kupita. Ni mahali pabaya kuliko pote, hasa kwenye barabara kuu isiyo na taa.

Kwenye barabara ya kasi, ni salama zaidi kufanya hivi. Usisimame katikati. Washa indiketa ya kushoto, toka nje ya lami upande wako wa kushoto, usimame kabisa mkabala na ile njia. Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Barabara ikiwa tupu pande zote mbili, washa indiketa ya kulia ukatize moja kwa moja, kama mtu anayevuka kwa miguu. Utapoteza dakika moja.

Kumbuka kuzima indiketa baada ya kukata kona. Indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi zenyewe kama za gari. Ukiiacha inawaka kilomita tano, wa nyuma atadhani unaingia njia fulani, atakupita upande usiofaa, na hapo ndipo mtagongana.

Wasikilizaji wetu walio Burundi, Rwanda na Kongo, ambako magari hupita kulia, kanuni ni ileile, ila mnageuza upande. Kwenu hatari iko kwenye kukata kushoto.

Unaposimama kwenye foleni au penye tuta

Ukisimama nyuma ya gari kwenye makutano, penye kizuizi au kwenye kivuko cha reli, usijibane katikati ya bampa lake. Wa nyuma yako akishindwa kusimama, utakuwa katikati ya vyuma viwili. Simama upande wa kushoto au kulia wa nyuma ya gari hilo, na uache nafasi ya mita mbili au tatu ili upate pa kupitia.

Acha gia namba moja ikiwa imeingia na klachi umeikamata. Mguu wa kulia ukae kwenye breki ili taa iendelee kuwaka, na mguu wa kushoto uwe chini. Macho yawe kwenye kioo. Ukiona gari linakuja na halionyeshi dalili ya kupunguza, achia klachi upite pembeni. Magari mawili matatu yakishasimama nyuma yako, hapo unaweza kutulia.

Matuta ya vijijini nayo yana mambo yake. Pikipiki hupita pembeni ya tuta bila kupunguza sana, lakini siku umebeba mama mjamzito au tenga la mayai, utapunguza mapema. Dereva wa nyuma, aliyezoea kuona bodaboda zikipita kwa kasi, hatarajii hilo. Mwonyeshe taa ya breki mapema. Na pale unapoona alama ya kikomo cha 50 au nyumba zinaanza, ujue gari la mbele yako litapunguza ghafla kwa ajili ya tuta. Usiwe umemganda.

Halafu kuna kuchomekea. Umelipita lori, ukaingia mbele yake, kisha ukakamata breki kwa sababu umeona abiria. Kwenye lori refu, dereva amekaa juu na sehemu iliyo karibu kabisa mbele ya kichwa cha lori haioni. Ukiingia hapo, kwake haupo. Usirudi kwenye njia yake mpaka uone lori zima kwenye kioo chako, na usisimame mara tu baada ya kulipita.

Nawe usimgonge wa mbele

Mpaka hapa tumezungumzia wa nyuma. Lakini bodaboda nyingi huingia chini ya gari la mbele kwa sababu ya kufuata karibu mno.

Tumia hesabu ya sekunde mbili. Chagua alama iliyo mbele, nguzo au kibao. Gari la mbele likiipita alama hiyo, anza kuhesabu polepole: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukiifikia alama kabla hujamaliza, uko karibu mno. Rudi nyuma. Mvua ikinyesha, au ukiwa umebeba mzigo au abiria, hesabu hadi nne. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde mbili ni kama mita 33.

Nafasi hiyo ya mbele inakusaidia hata kwa anayekufuata. Gari la mbele likisimama ghafla na wewe una nafasi, unaweza kupunguza taratibu, na wa nyuma yako akapata muda. Ukiwa umemganda wa mbele, utakamata breki yote kwa mara moja, na wa nyuma atakupanda. Kwa hiyo ukiona kwenye kioo kwamba mtu amekuganda, usiongeze mwendo kumkimbia. Ongeza nafasi ya mbele, kisha tafuta mahali pazuri umwache apite.

Tumia breki zote mbili. Wengi huogopa breki ya mbele kwa kusikia kwamba inapindua pikipiki. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unaposimama uzito mwingi huja mbele. Ikamate kwa kubana pole pole, usiinyakue, huku mguu nao ukikanyaga. Kwenye mchanga, changarawe au tope, tegemea zaidi breki ya nyuma na mwendo mdogo tangu mwanzo. Nenda mahali tambarare pasipo na magari, ujizoeze kusimama kwa breki zote mbili kabla hujakutwa na dharura.

Usiku, jihadhari na magari mabovu yaliyoachwa barabarani, matrekta, mikokoteni na baiskeli zisizo na taa. Ukiona matawi ya miti yamewekwa kwenye lami, hiyo ni ishara kwamba mbele kuna gari lililoharibika. Punguza papo hapo, usisubiri kuliona. Na kama ni pikipiki yako iliyoharibika, kwanza isukume nje ya lami ndipo uanze kutafuta kosa. Usiitengeneze juu ya barabara, na usichuchumae nyuma yake ukaizibia taa.

Vumbi na jua

Kwenye barabara ya vumbi, gari likikupita huacha wingu. Ndani ya wingu hilo humwoni wa mbele, na wa nyuma hakuoni wewe. Wengi huongeza mwendo ili walipite gari wakwepe vumbi, na huko ndiko wanakokutana na gari jingine. Washa taa, punguza mwendo, sogea pembeni, acha vumbi litulie. Usisimame ndani ya vumbi ukiwa bado njiani.

Jua nalo linapoteza watu asubuhi na jioni. Kumbuka hivi: ukiwa unaelekea lilipo jua, kivuli chako kinakuwa nyuma yako, na dereva anayekufuata jua linampiga machoni. Hata taa yako ya breki ikiwaka, haioni vizuri. Saa hizo usisimame ghafla kabisa, na toka barabarani mapema zaidi. Kivuli kikiwa mbele yako, wasiokuona vizuri ni wale wanaokuja.

Kabla hujaondoka kijiweni

Haya hapa kwa ufupi, unaweza kuyasoma tena kila asubuhi au kumtumia mwenzako kwa simu:

1. Taa ya nyuma inawaka, na ya breki inawaka kwa mkono na kwa mguu.
2. Indiketa zote zinafanya kazi na hazijafunikwa na mzigo.
3. Vioo viwili vipo na vinaonyesha barabara.
4. Kioo cha taa, namba na utepe wa kuakisi vimefutwa matope.
5. Kofia mbili zipo, na mikanda yake inafunga.
6. Kikoti cha rifleksa kwa abiria wa usiku kipo.
7. Breki zote mbili zinashika, tairi hazijaisha.
8. Abiria ametaja atakaposhukia.

Pakitokea ajali, kwanza zuieni magari mengine yasije kugonga waliolala chini: mtu asimame mbali nyuma awapungie madereva. Msimvute wala kumnyanyua majeruhi ovyo, na msimvue kofia kama anapumua vizuri, kwa sababu anaweza kuwa ameumia shingo au mgongo. Nchini Tanzania piga 112 kuomba msaada.

Kwenye vijiwe vingi madereva wana kikundi na kiongozi wao. Mnaweza kukubaliana kwamba kila asubuhi mmoja anapita nyuma ya kila pikipiki, wenzake wanakamata breki, naye anaangalia taa. Pikipiki kumi hukaguliwa kwa dakika chache, na bei ya globu ni ndogo kuliko nauli ya kumpeleka mtu hospitali ya wilaya. Leo jioni, kabla hujapakia abiria wa kwanza, mwambie mwenzako asimame nyuma yako na umuulize: taa yangu inawaka?